Chumvi Isiyo na Bahari

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu gari. Si gari la mashindano wala la kifahari, bali gari la kawaida, lile linalompeleka mtu kazini alfajiri na kumrudisha kwa watoto wake jioni.

Nazungumza nanyi kutoka Lakeville, mji ulio yapata maili 20, yaani kilomita 32 hivi, kusini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu hapa watu wanaokaribia 70,000. Jina la mji huu lina maana ya mji wa ziwa, na kweli maziwa yapo: Marion, Orchard na mengineyo. Bahari ndiyo isiyokuwapo. Mtu akitaka kuiona, hana budi kusafiri kwa gari zaidi ya siku nzima. Hata hivyo, adui mkubwa wa gari mjini hapa ni chumvi.

Msikilizaji wa Mombasa, Tanga au Unguja anaifahamu chumvi inavyokula chuma. Upepo wa bahari huibeba na kuiweka juu ya mabati, madirisha na magari, na mnunuzi wa bara akiambiwa kwamba gari fulani limeishi pwani, huuliza maswali mawili zaidi kabla ya kutoa fedha yake. Hapa Minnesota chumvi haiji na upepo. Huletwa na malori. Tangu Novemba hadi Machi au Aprili, theluji ikianguka na barafu ikitanda, malori hupita yakiisukuma theluji kando na kumwaga chumvi nyuma yake. Chumvi huyafanya maji yasigande upesi, hivyo barafu huyeyuka hata hewa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Bila chumvi hiyo, barabara kuu nambari 35 inayopita mjini hapa ingekuwa kama sakafu ya kioo, na wengi wasingefika makwao. Chumvi huokoa maisha. Hilo lisemwe kwanza.

Lakini maji yale ya chumvi hurushwa na matairi hadi tumboni mwa gari, yakaingia katika kila pembe na kila mkunjo wa chuma. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Maji hayo yakiwa na chumvi, kutu huenda mbio, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo sana juu ya uso wa chuma. Tena liko jambo linalowashangaza wageni: gari lililolowa chumvi likiingizwa katika banda lenye joto, huliwa haraka kuliko lile lililoachwa nje katika baridi kali, kwa sababu joto huihimiza kutu. Mwenye gari hudhani amelistiri, kumbe ameipikia kutu chakula.

Mimi niliyajua haya kwa gharama.

Kila Jumamosi, sisi watu wachache tunaozungumza Kiswahili hukutana katika banda la gari la mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi Mombasa. Yupo wa Kisii, wapo wa Dar es Salaam, na mmoja ni wa Bukavu. Chai huwapo, na mazungumzo ni yale yale: nani amekwisha kufunga matairi ya theluji, betri ya nani imekataa kuamka asubuhi, mafuta gani ya injini yanafaa wakati wa baridi. Asiyejua angesema ni porojo. Katika mwaka wangu wa kwanza hapa, mimi nilisema hivyo.

Mwaka huo nilinunua gari lililotumika kutoka kwa mtu binafsi. Lilikuwa la buluu, linang'aa, na viti vyake havina doa. Nikalipeleka kwa mzee siku ya Jumamosi, kusema kweli, ili nisifiwe. Mzee hakuitazama rangi. Alitandaza boksi la karatasi sakafuni, akalala chali, akaingia chini ya gari na tochi yake. Alikaa humo kwa muda mrefu, nasi tunanywa chai. Kisha akaniita nami nikalala kando yake. Akalikwangua kwa ukucha bomba jembamba la chuma, na magamba ya kahawia yakamwangukia usoni.

"Mwanangu," akasema, "umenunua rangi. Gari bado hujanunua."

Nikamwuliza, "Mzee, hilo ni bomba la nini?"

"La mafuta ya breki. Usimpakie mtoto humu mpaka libadilishwe."

Nilimshukuru kwa heshima, lakini moyoni nilisema kwamba mzee amezidi kuogopa. Breki zilikuwa zinashika vizuri, na fedha ilikuwa imekwisha. Nikaliendesha siku tisa. Siku ya kumi, nikikaribia taa za barabarani, nikakanyaga breki na kanyagio likazama kama linaloingia katika uji. Gari lilipunguza mwendo lakini halikusimama. Lilivuka mstari, likaingia katikati ya njia panda taa ikiwa nyekundu, na hapo ndipo liliposimama. Hakukuwa na gari lililokuwa likija. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma, akiimba, wala hakujua kilichotokea.

Tulichookoka nacho ni ufundi wa zamani. Breki za magari ya leo hugawanywa katika njia mbili za mafuta zinazojitegemea, ili moja ikipasuka nyingine ibakie. Ile iliyobaki ndiyo iliyotusimamisha, ingawa kwa kuchelewa. Nilipompigia mzee simu sikusikia lawama. Alisema, "Pole, mwanangu. Usiliwashe tena. Lipelekwe gereji likiwa limebebwa." Mabomba yote yakabadilishwa, yakawekwa mengine ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, usioliwa na chumvi kama chuma cha kawaida. Nililipa zaidi ya robo ya bei ya gari lenyewe.

Wapenzi wasikilizaji, ningeweza kumlaumu aliyeniuzia, na pengine na yeye hakujua. Lakini katika jimbo la Minnesota hakuna ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa gari la mtu binafsi. Hakuna afisa atakayelala chini ya gari lako kwa niaba yako. Mkaguzi ni wewe mwenyewe. Wala jambo hili si la mtu mmoja. Mwezi wa Aprili 2015, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama barabarani ilifunga uchunguzi wa miaka kadhaa kuhusu mabomba ya breki yaliyoliwa na kutu katika malori madogo yapatayo milioni 5. Haikuamuru magari hayo yarudishwe kiwandani. Ilisema tatizo linayagusa magari mengi yaliyozeeka katika majimbo yanayotumia chumvi, Minnesota ikiwa mojawapo, ikawashauri wenye magari waoshe sehemu ya chini mara kwa mara, wayakague mabomba, na wakiona magamba wabadilishe mabomba yote, si kipande kimoja.

Ushauri huo ndio uleule niliousikia juu ya boksi la karatasi, bila kulipa hata senti. Tangu hapo nimeshika mambo machache. Wakati wa baridi, kila hewa inapopanda juu ya nyuzi sifuri, nalipeleka gari katika mtambo wa kuoshea unaorusha maji kutoka chini, maana kuosha paa na milango peke yake ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya. Majira ya baridi yakiisha naliosha tena kwa makini zaidi, kwa sababu chumvi iliyobaki hufanya kazi yake wakati wa joto. Kabla ya theluji ya kwanza, fundi hulipaka tumbo la gari mafuta ya kuzuia kutu. Na kanyagio la breki likibadilika hata kidogo, au kiasi cha mafuta ya breki kikipungua bila sababu, siendi popote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukajengwa na warithi wako.

Huenda mtu akauliza, kwa nini basi chumvi isiachwe kabisa? Swali hilo husikika hata hapa, na si kwa ajili ya magari tu. Chumvi ya barabarani huishia katika maziwa, na ikishaingia ni vigumu mno kuitoa. Idara ya jimbo inayoshughulikia uchafuzi hufundisha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuharibu galoni 5 za maji, yaani lita 19 hivi. Kwa hiyo madereva wa malori ya chumvi hufunzwa kumwaga kiasi kinachotosha na kisichozidi. Sehemu yetu sisi ni kupunguza mwendo na kuacha nafasi kubwa mbele, tusitake chumvi itufanyie kazi ya busara.

Nawe msikilizaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, usidhani haya hayakuhusu kwa kuwa kwenu hakuna theluji. Nchi zetu huendesha magari upande wa kushoto kama Japani, na magari yetu mengi yaliyotumika hutoka huko. Lakini Japani nayo ina theluji. Kisiwa cha Hokkaido na sehemu za kaskazini mwa Honshu hupata theluji nyingi sana, na huko nako barabara humwagiwa chumvi. Gari linaweza kusafiri kutoka huko hadi bandari ya Mombasa likiwa na rangi nzuri na kutu tumboni. Unapoagiza, omba karatasi ya mnada na uisome. Katika mchoro wa gari ulio juu yake, herufi S huonyesha kutu, na herufi C huonyesha chuma kilichokwisha kuliwa. Omba pia picha za chini ya gari. Muuzaji akikutumia picha ishirini za viti na usukani, na hata moja ya chini hakuna, amekwisha kukujibu.

Wazee wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari langu la buluu bado ninalo. Rangi yake imefifia, na viti sasa vina madoa ya maziwa na biskuti. Jumamosi mimi hufika bandani mapema, na kijana mgeni akija na gari alilolinunua juzi, kabla hajamaliza kulisifu, ninakwisha kutandaza boksi sakafuni.

Wasikilizaji wapenzi, nawatakieni safari njema, na breki zinazoshika. Kwaherini.