Nani Anashika Ufunguo wa Kambi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa chama

Ndugu wafanyakazi, baba na mama, na ninyi vijana,

Leo sikuja kusema habari ya mishahara. Nimekuja kusema habari ya kambi, kwa maana kuna ndugu zetu wanaosema: «Askari wa kigeni akikaa kwetu, kuna ubaya gani? Analinda mali, anatoa kazi, mama anauza mihogo mlangoni kwake.» Tusiwacheke ndugu hawa. Njaa ni neno la kweli. Lakini tuwaulize: ufunguo wa kambi uko mkononi mwa nani?

Tukumbuke mwaka 1960. Tarehe 29 Juni, siku moja mbele ya uhuru, serikali yetu na ile ya Ubelgiji zilitia sahihi mkataba wa urafiki. Askari wa Ubelgiji wakabaki Kamina, huku Katanga, na Kitona, kule karibu na bahari. Mabunge hayakuupitisha mkataba ule hata siku moja. Lakini ndani yake mliandikwa neno zuri: askari wale hawatafanya kazi ya vita mpaka waziri wetu wa ulinzi awaombe.

Waziri huyo alikuwa nani? Patrice Lumumba mwenyewe, aliyekuwa pia waziri mkuu. Je, aliwaomba? Hapana! Mwanzo wa Julai askari wa Force Publique waliwaasi maofisa wao. Kulikuwa na hofu, Wazungu wengine waliumizwa; hatufichi. Tarehe 10 Julai askari wa Kamina walifika Élisabethville bila Lumumba kuwaomba. Kesho yake Tshombe akatangaza kuitenga Katanga. Tarehe 12 Kasa-Vubu na Lumumba walikuja kwa ndege, wakakatazwa kushuka. Mwenye nyumba alikatazwa kuingia nyumbani mwake! Ikatubidi kuuita Umoja wa Mataifa ili Wabelgiji watoke.

Tutazame na Kuba. Jeshi la Marekani liliikalia nchi ile tangu mwaka 1898. Mwaka 1901 wajumbe wa Kuba walibishana sana juu ya sharti la kuwapa Wamarekani mahali pa kambi: 16 walikubali, 11 walikataa. Waliokubali waliogopa kwamba wakikataa, jeshi halitaondoka. Mwaka 1903 Guantánamo ikapangishwa. Mkataba wa mwaka 1934 unasema hautakoma ila wote wawili wapatane, au Wamarekani waondoke wenyewe. Hata leo wako pale. Mwenye lupango anasema «hama», mpangaji anajibu «mpaka nitakapopenda.»

Basi karatasi ya namna hii ikiletwa, na serikali yoyote, tudai mambo matatu. La kwanza, bunge liisome na kuipigia kura mbele ya watu wote. La pili, iandikwe siku ya askari kuondoka. La tatu, sisi peke yetu tukisema «tokeni», watoke. Likikosekana moja, tukatae, hata kama ina mihuri mizuri.

Ninyi wa migodini mnajua. Kapita akikuambia ushuke shimoni, unauliza kwanza nani anashika mashini ya kukupandisha. Nchi nayo ifanye vilevile.

Uhuru na umoja!