Mtumishi wa Serikali na Bustani ya Mboga

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama.)



 Katika mikutano yetu twazoea kusikia habari za mishahara, za likizo na za kupandishwa vyeo, na mambo hayo ni ya haki kabisa. Walakini leo naomba ruhusa nizungumze juu ya jambo lililo karibu zaidi kuliko mshahara, nalo ni sahani. Nataka kunena juu ya mboga za majani: jinsi ya kuzipenda, jinsi ya kuzipika, na jinsi ya kuzipanda.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika lugha yetu mboga ni kila kitu kinachoteremsha ugali au wali, kiwe nyama, samaki, maharagwe au majani. Vyote vyaitwa kwa jina moja. Hata hivyo mara nyingi husikika mtu akisema, "Leo hatuna mboga, tuna majani tu." Maneno haya yaonyesha ugonjwa wetu. Tumeyafanya majani kuwa alama ya umaskini, na nyama kuwa alama ya cheo. Mtu akipata kazi ya kalamu, huona ni aibu mgeni wake kukuta mchicha mezani, kana kwamba mchicha utatangaza kiasi cha mshahara wake.

Mabwana, aibu hiyo ina gharama. Kazi yetu ni ya kukaa kitini tangu asubuhi hata jioni. Mwili usiotembea, ukilishwa wali, mafuta, nyama na chai yenye sukari nyingi, hujiwekea akiba mbaya. Maradhi ya shinikizo la damu na ya kisukari yanajulikana sana miongoni mwetu, na wengine huyapata kabla ya kufika umri wa kustaafu. Sisemi kwamba mchicha ni dawa ya maradhi hayo, la hasha. Mgonjwa na aende kwa daktari wake. Lakini Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima ale gramu 400 au zaidi za mboga na matunda kila siku, wala viazi na mihogo havihesabiwi humo. Kila mmoja na apime mwenyewe aone kama hufikia kiasi hicho. Fungu dogo la kabichi lililowekwa kando ya sahani kama pambo halifiki.

Mtu atasema, "Nakubali, lakini ulimi wangu haupendi majani." Jibu langu ni kwamba ulimi nao hufundishwa, kama mkono unavyofundishwa kuandika. Wachunguzi wa malezi wameona kwamba mtoto anayekataa chakula kigeni huweza kukipenda baada ya kuonjeshwa kidogo kidogo, mara nane, mara kumi, hata zaidi, bila kulazimishwa. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya pili. Na ikiwa baba mwenyewe husukuma majani pembeni mwa sahani, mtoto atajifunza somo gani?

Pengine si ulimi wenye kosa, bali ni chungu. Mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Mchicha uliochemshwa kwa maji mengi hata ukawa kama uji wa kijani, kisha maji yakamwagwa, hauna ladha wala faida, maana vitamini C huharibiwa na moto na hutoka pamoja na maji. Njia iliyo bora ni hii: chagueni majani, yaosheni kabla ya kuyakata, si baada ya kuyakata, kaangeni kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tieni majani, funikeni kwa dakika chache tu, na mwishoni mtie tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Wazee wetu walipotia nazi na karanga hawakukosea. Ile rangi ya majani ya kijani kibichi huficha kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nacho hakiingii mwilini vema pasipo mafuta. Na ukikamulia ndimu au limau juu ya sahani, chuma kilichomo katika majani hupokewa na mwili kwa urahisi zaidi. Lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia kazi hiyo. Afadhali ingoje saa moja.

Kila mboga ina tabia yake, kama watu. Majani ya maboga sharti yamenywe nyuzi zake. Mnavu una uchungu. Anayeanza na auchanganye na mchicha, kisha autie maziwa au karanga, na siku zijazo apunguze mchicha. Mlenda huteleza, na mwenye kuuzoea hapendi ugali mkavu tena. Kisamvu hakitaki haraka: majani ya muhogo yana sumu, basi sharti yatwangwe vizuri kinuni na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kutiwa nazi. Mpishi anayekipunguzia muda anadhani anaokoa kuni, kumbe anahatarisha nyumba.

Tukumbuke pia kwamba mboga nyingi tunazozidharau ni wenyeji wa bara hili, na nyingi tunazozitukuza ni wageni. Kabichi ilitoka Ulaya na nyanya ilitoka Amerika ya Kusini. Tunazikaribisha kwa furaha. Lakini kunde ni zao la Afrika, na mgagani pia umo tangu kale katika vyungu vya bibi zetu. Wataalamu hawakuzidharau. Tangu mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kina tawi lake la Afrika huko Arusha, na humo mbegu za mboga za asili huhifadhiwa na kuboreshwa. Ikiwa wataalamu wanaziwekea ghala, sisi tunaziona haya kwa sababu gani?

Sasa nafika penye neno gumu. Mtumishi wa Serikali husema, "Mimi nakaa nyumba ya kota. Leo nipo Tanga, kesho nahamishiwa Singida. Nipande ili ale nani?" Neno hili nimelisikia mara nyingi, na lina nguvu, kwa kuwa hakuna mtu apendaye kumwagia maji bustani ya mwingine. Naomba nilijibu kwa mambo mawili.

La kwanza, mboga si mnazi. Mchicha uliopandwa leo huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Barua ya uhamisho haina mbio kuliko mchicha. Tengenezeni tuta lenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Changanyeni samadi iliyooza vizuri, si mbichi. Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zichanganyeni na mchanga mkavu ndipo mzimwage katika mistari, zisije zikarundikana mahali pamoja. Mwagieni maji asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili pandeni tuta la pili, na la tatu vivyo hivyo, na jikoni hapatakosa kitu. Matembele hayahitaji hata mbegu: kateni vipande vya shina vya urefu wa sentimeta 30 hivi, vifukieni nusu. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, na juu huendelea kukua kwa miezi. Wenzetu wa Kenya ndio waliolipa jina hilo, kwa maana lilisaidia kusukuma wiki mfuko ulipokuwa mwepesi. Asiye na uwanja na achukue gunia, aweke nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yashuke, ajaze udongo na samadi pande zote, na apande juu na ubavuni. Ila maji yawe safi. Bustani inayonyweshwa kwa maji ya mfereji wa taka huleta maradhi badala ya afya.

La pili, ni kweli kwamba pengine utaondoka na tuta likiwa la kijani. Basi, kuna hasara gani? Katika ofisi twakabidhiana mafaili, funguo na vitabu vya hesabu, na twamwona mtu asiyekabidhi vizuri kuwa hana adabu ya kazi. Kwa nini tusikabidhiane bustani? Kama kila aliyekaa katika kota zetu angaliacha mti mmoja wa kisamvu cha mpira penye ua, nasi tungekuta majani mlangoni siku ile tuliposhusha mizigo. Na wewe utakayeacha tuta hapa, huenda ukakuta jingine huko uendako. Hapo ndipo tutakapokuwa chama kwa matendo wala si kwa kadi tu.

Jambo jingine, mtu aliyepanda kwa mkono wake hali kama mnunuzi. Mtoto aliyemwagia maji mchicha kwa wiki tatu hauiti majani tu. Huuita mchicha wangu, na huula. Njia fupi ya kuufundisha ulimi hupitia mkononi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta shauri moja. Katika kila mkutano, kila mwanachama alete mbegu au vipande vya mboga moja aliyo nayo, viwekwe mezani, na asiye navyo achukue bila malipo. Anayehamishwa aache orodha ya alivyopanda pamoja na funguo za nyumba. Shauri hili halihitaji fedha za Chama wala kibali cha mkubwa yeyote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tuiname kidogo, kalamu ikiwa mfukoni na jembe likiwa mkononi.