Injini Mpya, Breki za Zamani
Mazungumzo kwa mafundi na wenye magari wa Modogashe



Modogashe ni mji wa njiapanda. Anayetoka Garissa kwenda Wajir hupita hapa, na anayetoka Isiolo kwenda Mandera hupita hapa pia. Mji huu unaishi kwa magari: malori ya mifugo, pikapu za bidhaa, Land Cruiser za miaka mingi. Na gari likizeeka huku halitupwi. Injini ikichoka, mwenye gari hutafuta nyingine iliyotumika, iwe imetoka Nairobi au imeng'olewa katika gari lililoanguka, na fundi huipandikiza. Mmoja huondoa injini ya petroli akaweka ya dizeli ili kupunguza gharama ya mafuta. Mwingine huweka kubwa zaidi ili gari lisikwame kwenye mchanga. Na wapo vijana ambao ndoto yao ni kujijengea gari la mwendo kasi nyumbani, bodi ya gari moja na injini ya lingine.

Hiyo ni kazi ya heshima, na mazungumzo haya hayakuja kuikataza. Yamekuja kwa jambo moja: injini ikibadilishwa, breki nazo zianze upya. Zisingoje wiki ijayo, wala mpaka pesa za safari ya kwanza zipatikane. Zishughulikiwe kabla gari halijatoka gereji.

Kwa nini sasa

Kwa miaka mingi barabara yenyewe ndiyo iliyopunguza mwendo. Mashimo, mchanga na maji ya mvua vilimlazimisha dereva aende polepole, na breki dhaifu ikajificha ndani ya mwendo huo. Hali hiyo inabadilika. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilipitisha ufadhili wa mradi wa kuboresha barabara ya kutoka Isiolo hadi Mandera, inayopita Modogashe. Lami ni neema, lakini lami humwondolea dereva kizuizi alichokizoea.

Hesabu yake ni hii. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimaliza huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzuri, huhitaji takriban mita 10 kusimama baada ya mguu kukanyaga. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari lile lile huhitaji takriban mita 41. Hapo bado haijahesabiwa ile sekunde moja ambayo dereva ameona hatari lakini mguu haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 80 limeshakwenda mita 22. Jumla ni zaidi ya mita 60, na hiyo ni kwa breki nzuri.

Sasa mweke ngamia katikati ya barabara hiyo wakati wa magharibi. Ngamia ana miguu mirefu. Gari dogo likimgonga, bampa hupiga miguu na mwili wake wote huja kwenye kioo, walipo dereva na abiria. Mita ishirini pungufu hapo ni roho ya mtu. Zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya mwaka 2023.

Dizeli badala ya petroli: kosa lisiloonekana

Kosa linalowapata mafundi wengi halimo kwenye pedi wala kwenye diski. Limo kwenye busta, lile bakuli kubwa jeusi lililo nyuma ya masta silinda, linaloongeza nguvu ya mguu wa dereva.

Busta hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Katika injini ya petroli, mnyonyo huo hupatikana bure, kwa sababu kuna kizibo kinachobana hewa inayoingia. Injini nyingi za dizeli hazina mnyonyo huo. Ndiyo maana dizeli hutengenezwa na pampu yake ya vakyumu, na katika injini nyingi za Toyota pampu hiyo imeunganishwa nyuma ya altaneta.

Fikiria basi fundi anayepewa injini ya dizeli isiyo na altaneta yake. Anatafuta altaneta nyingine, anapata inayoingia, inachaji betri vizuri, lakini nyuma yake haina pampu. Injini inawaka na gari linakwenda. Pale gereji, likisukumwa mita kumi, breki inashika. Likitoka barabarani na mzigo, dereva anakanyaga na kukuta mguu umegonga kitu kigumu kama jiwe. Breki ipo, ila busta limekufa, na nguvu ya mguu peke yake haitoshi.

Kipo kipimo ambacho mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe bila spana. Zima injini. Kanyaga breki mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Usiondoe mguu, kisha washa injini. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, busta linapata mnyonyo. Isiposhuka, usiondoke.

Kipimo cha pili: injini ikiwa inanguruma, kanyaga kwa nguvu na ushikilie kwa dakika nzima. Pedeli ikizama polepole kuelekea sakafuni, kuna mahali mafuta yanavuja, au raba za ndani ya masta silinda zimekwisha.

Kipuri kikitengenezwa kwa mkono

Mara nyingine injini kubwa hudai breki kubwa, na breki kubwa haikutengenezwa kwa gari hilo. Diski ya Land Cruiser haikai kwenye gari dogo bila kurekebishwa, na kalipa yake haina pa kufungwa. Hapo ndipo fundi hulazimika kutengeneza breketi, yaani kile kipande cha chuma kinachoifunga kalipa kwenye gari.

Kutengeneza kipuri si aibu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari matano ya majaribio yakaundwa, karakana za reli zikashiriki kutengeneza vipuri, na mwaka 1990 magari hayo, yaliyoitwa Nyayo, yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Mradi ulikwama kwa kukosa fedha na magari hayakufika sokoni, lakini ulithibitisha kwamba mikono ya Wakenya inaweza. Tofauti kati ya kipuri cha kuaminika na kipuri cha kuua ni vipimo.

Basi anayetengeneza breketi ya kalipa na ashike haya.

Kwanza, achukue bamba nene la chuma lisilo na kutu wala ufa, na alikate kipande kimoja kizima. Vipande viwili vilivyounganishwa kwa kuchomelea havifai, kwa sababu dereva akifunga breki, nguvu yote ya gurudumu huja kuivuta breketi hiyo.

Pili, asichomelee kalipa yenyewe, wala kile chuma kinachobeba gurudumu. Vyuma hivi mara nyingi ni vya kusubu. Chuma cha kusubu kikichomelewa bila utaratibu wake maalumu hupasuka kikipoa, na ufa unaweza kuwa ndani usionekane.

Tatu, matundu yatobolewe kwa mashine iliyosimama wima, si kwa kukisia. Kalipa ikikaa upande, pedi moja hula kuliko nyingine na gari huvuta upande mmoja. Kazi ya kukereza ambayo gereji haina mashine yake ipelekwe mjini kwenye mashine, hata kama ni kungoja siku mbili.

Nne, aangalie kichwa cha bolti. Bolti ya kazi hii huwa na alama, kama 8.8 au 10.9, na nambari ikiwa kubwa ndivyo bolti ilivyo imara. Bolti isiyo na alama ifunge mlango wa boma, isifunge kalipa.

Tano, akumbuke masta silinda. Kalipa kubwa hunywa mafuta mengi zaidi. Masta silinda ikibaki ile ndogo ya zamani, pedeli huenda chini sana kabla breki haijashika. Ikiwekwa kubwa kupita kiasi, pedeli huwa ngumu na nguvu hupungua. Vilevile breki za mbele zikiachwa dhaifu na za nyuma zikawa kali, magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza na gari huzunguka barabarani.

Sita, paipu. Paipu ya breki iliyokatika haichomelewi, na haiunganishwi kwa kipande cha mpira kilichofungwa kwa waya. Inabadilishwa yote. Tena ipite mbali na ekzosi ya injini mpya, maana joto la ekzosi huchemsha mafuta yaliyo ndani.

Mafuta ya breki

Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka huwa povu, na povu hubonyea, kwa hiyo mguu hufika sakafuni na gari haliguswi. Chupa iliyokaa wazi dukani au chini ya kiti haifai tena.

Mafuta ya injini yasitiwe kwenye mfumo wa breki hata tone. Huvimbisha raba zote, na breki zinaweza kujifunga zenyewe au kukataa kabisa. Maji ya sabuni nayo ni hatari vilevile. Mfumo uliowahi kutiwa vitu hivyo ufunguliwe, usafishwe, na raba zote zibadilishwe.

Jaribio kabla ya abiria

Gari lililobadilishwa injini au breki lisijaribiwe sokoni, wala kwenye barabara kuu, wala likiwa na watu nyuma. Litafutiwe uwanja mtupu. Lianze kwa kilomita 20 kwa saa, lifungwe breki, kisha fundi aingie chini aangalie kila kiungo kama kinavuja na kila bolti kama imelegea. Halafu kilomita 40, na akague tena. Halafu lipakiwe magunia ya mchanga yenye uzito wa mzigo wa kawaida, na lijaribiwe upya. Baada ya safari ya kwanza, bolti zote zikazwe tena.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha wengine barabarani wala waliomo ndani. Sheria haiulizi kama kipuri kimetoka Japani au kimetengenezwa Modogashe. Inauliza kama ni salama.

Tena injini ikibadilishwa, nambari yake hubadilika. Mwenye gari anatakiwa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ili kumbukumbu za gari zirekebishwe, na gari likaguliwe. Huduma za NTSA hupatikana kupitia eCitizen, na asiyejua kutumia mtandao anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre mjini Garissa. Aweke stakabadhi ya kununulia injini. Gari ambalo nambari ya injini hailingani na kumbukumbu humletea mwenyewe taabu kwenye kizuizi cha polisi, siku ya kuuza, na siku ya kudai bima baada ya ajali.

Kwa vijana waliojifunza ufundi gereji bila kupitia chuoni, mlango uko wazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunza kwa mikono anaweza kuifanya akapata cheti.

Neno kwa mwenye gari na kwa abiria

Lawama zote zisibebeshwe fundi. Mara nyingi fundi amesema, "Hii inahitaji masta silinda nyingine," na mwenye gari akajibu, "Ifunge tu, nitarudi wiki ijayo." Aliyetumia maelfu kununua injini asibanie pesa za breki. Na fundi anayeambiwa aifunge tu ana haki ya kukataa kulitoa gari, kwa sababu likianguka, ni mkono wake utakaoulizwa.

Abiria naye ana haki yake. Akimwona dereva anapampu breki mara tatu ndipo gari lisimame, ashuke. Mzee akisema "kijana, simama", kijana asione amedharauliwa.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Injini hujisifu kwa mngurumo, na kila mtu mjini huisikia ikipita. Breki haina sauti. Siku inapofanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna kilichotokea: ngamia amevuka, mtoto amevuka, na watu wamefika nyumbani.