Usimfute Mtu Kazi kwa Kelele za Simu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mnajua vile inavyokuwa sokoni mtu akipiga kelele "Mwizi!" Yule wa kwanza huenda ameona. Wa pili amesikia tu. Wa ishirini anakuja na jiwe mkononi na hajui hata kilichoibiwa ni nini. Leo tuzungumze juu ya umati wa namna hiyo, lakini huu unakusanyika ndani ya simu, na kile unachotaka ni mtu apoteze kazi yake.

Niwape mfano uliojulikana dunia nzima. Tarehe 20 Desemba 2013, mwanamke mmoja wa New York, Marekani, alikuwa safarini kwenda Cape Town. Kazi yake ilikuwa kuisemea kampuni kubwa kwa watu wa magazeti. Akiwa uwanja wa ndege wa London akaandika mzaha kwenye Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X. Alisema anakwenda Afrika, anatumaini hatapata Ukimwi, halafu akaongeza kwamba anatania tu, kwani yeye ni mzungu. Waliokuwa wakifuata maandishi yake ni watu kama 170. Hata baraza la chifu lina watu zaidi! Akapanda ndege. Safari ni ya saa 11.

Akiwa bado hewani, mwandishi mmoja wa habari mwenye wafuasi wengi aliyachukua maneno yale akayasambaza. Makumi ya maelfu ya watu wakajibu. Kuna waliotukana, kuna waliodai afutwe mara moja, na wengine walikuwa wanahesabu saa tu, wakingojea ndege itue afungue simu. Mtu mmoja alikwenda mpaka uwanja wa Cape Town akampiga picha. Kampuni nayo ikatangaza kwamba maneno hayo yanachukiza, na kwamba mwenyewe hapatikani kwa kuwa yuko safarini. Kesho yake kazi ikaisha.

Maneno yale yalikuwa mabaya, sitaki mtu aondoke hapa akidhani nayatetea. Sisi tuliozika jamaa na kubaki na mayatima tunajua ugonjwa ule si wa kuchekea. Baadaye mwanamke huyo alieleza kwamba alikuwa akiwakejeli wazungu wanaojiona kwamba shida za Afrika haziwahusu. Labda ni kweli, labda sivyo. Lakini hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kabla hajakanyaga ardhi.

Kuna mwingine ambaye hata hakusema neno. Mwaka 2020, huko San Diego, California, mfanyakazi wa kampuni ya umeme na gesi alikuwa akiendesha gari la kazi, mkono umening'inia dirishani. Mwenye gari jingine akampiga picha, akaituma Twitter akidai vidole vile vinaonyesha alama ya wazungu wanaojiona bora kuliko watu wengine. Mtu mwenyewe ukoo wake ni wa Mexico, na alisema alikuwa anajinyoosha vidole tu. Kampuni ilisema imechunguza, ikamfuta. Baadaye aliyetuma picha akasema huenda alielewa vibaya.

Kule Marekani, ukiacha jimbo la Montana, mwajiri kwa kawaida aweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu. Kwetu Kenya sivyo, na hapa ndipo nawaomba msikilize sana, kwa sababu nyinyi pia ni waajiri.

Tuseme kikundi chenu kina kisiagi na mmeajiri kijana wa kukiendesha. Usiku mmoja, kwenye WhatsApp ya kikundi, mtu anatuma picha ya maandishi yanayosemekana ni ya huyo kijana, amewatukana akina mama wa kikundi. Kabla ya jogoo kuwika watu thelathini wameandika "Aende!" Asubuhi mwenyekiti, akiogopa kuonekana mnyonge, anamnyang'anya ufunguo.

Hilo ni kosa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe. Hata kosa la kufutwa papo hapo, ni lazima asikilizwe kwanza. Mkikosa kufanya hivyo anaweza kuwashtaki, na mahakama yaweza kuamuru mumlipe mpaka mshahara wa miezi 12. Hebu pigeni hesabu ya magunia mangapi yatasagwa kulipa deni hilo!

Kwa hivyo mwiteni kijana, mpeni siku chache ajitayarishe. Muulizeni kama ni yeye aliyeandika, maana picha ya maandishi hutengenezwa hata na mtoto wa shule. Someni maneno yote, yale ya kabla na ya baada. Kama amekosa kweli, kuna onyo la barua, kuna kuomba msamaha mbele ya aliowatukana. Kama amechochea watu wa kabila fulani wapigwe, hilo ni jambo jingine. Katiba yetu, kifungu cha 33, hailindi uchochezi, na huenda kazi ikaisha kwa haki. Bado atasikilizwa.

Wanaotaka kuamua kwenye simu waambieni waje kikaoni. Yule aliyetuma picha naye aitwe, aeleze aliipata wapi. Mwandishi aandike majibu ya kila mmoja katika kitabu cha mikutano, pamoja na tarehe, na kijana apewe nakala yake.