Titi Lote au Uvimbe Pekee: Mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini Mbele ya Uamuzi wa Upasuaji

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya wa mikoa ya Mbeya na Iringa



1. Utangulizi

Nchini Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa takribani wagonjwa 8 kati ya 10 hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Mada hii inahusu mazungumzo yanayofanyika baada ya majibu ya kipimo cha kinyama kutoka maabara na kabla ya fomu ya ridhaa kusainiwa. Hoja yangu ni moja: mwanamke amechagua pale tu alipoelezwa njia zote, pamoja na kile ambacho kila njia itamdai akisharudi nyumbani.

2. Utafiti unasemaje

Kwa miongo mingi madaktari walimfuata William Halsted wa Marekani, wakaondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua. Mwaka 2002 Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Italia walitoa matokeo ya miaka 20 ya majaribio yao. Wanawake waliogunduliwa mapema, wakaondolewa uvimbe na kubakiziwa titi, waliishi sawa na walioondolewa titi lote. Katika utafiti wa Fisher, walioondolewa uvimbe bila kupata mionzi, ugonjwa ulirudi katika titi lile lile kwa asilimia 39. Waliopata mionzi, asilimia 14. Kwa hiyo anayebakiza titi apangiwe na mionzi yake tangu mwanzo.

3. Safari ya mionzi

Hapa ndipo uchaguzi wa wanawake wetu unapobanwa. Wengi wanaohitaji mionzi wamekuwa wakipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam: takribani kilomita 500 kutoka Iringa mjini, zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano. Nauli ni sehemu ndogo ya gharama. Atafikia kwa nani? Watoto wabaki na nani? Kama ni msimu wa palizi, shamba la mahindi ataliacha kwa nani? Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi anayelipwa kwa kilo, siku asiyochuma hana kipato.

Kwa sababu hizo wapo wanaosema, “Daktari, toa lote nimalize.” Huo ni uamuzi wa busara, tuuheshimu. Lakini tusimwache aamini kwamba kutoa lote kunamwondolea safari kwa vyovyote. Uvimbe ukizidi sentimita 5, au ugonjwa ukikutwa katika tezi nne au zaidi za kwapani, mionzi hushauriwa hata baada ya titi kuondolewa. Aliyefika na uvimbe mkubwa aelezwe pia kwamba mara nyingi matibabu huanza na dawa za saratani za dripu ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji.

4. Hofu, familia na mwili

Wengi huamini kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Imani hiyo ina chanzo: wamewaona majirani wakifariki baada ya kukatwa titi. Tusiwakemee. Tuwaeleze kwamba wengi wa hao walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na kwamba aliyewahi ana nafasi kubwa ya kupona.

Mume, mama mkwe au kaka wana nafasi yao, hasa kwa kuwa ndio watakaomuuguza. Hata hivyo, tuanze kwa kuzungumza na mgonjwa peke yake, kisha aseme mwenyewe nani aitwe. Ridhaa ni yake. Akiomba siku chache za kutafakari, apewe na tarehe ya kurudi. Siku chache hazimdhuru, miezi ya kuhangaika kwa waganga wa tiba asili inamdhuru.

Tumweleze pia kuhusu mkono. Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba, pengine kwa miaka. Kwa anayeshika jembe na kubeba ndoo, jambo hili lina uzito sawa na lile la titi. Afundishwe mazoezi ya bega mapema, na kila mchubuko autibu siku hiyo hiyo. Na tusione haya kuzungumzia unyumba, mavazi, na titi bandia la kitambaa la kuvaa ndani ya sidiria.

5. Mapendekezo

(a) Kabla ya upasuaji, mgonjwa aulizwe kuhusu kazi yake, watoto, na atakapofikia Dar es Salaam; majibu yaandikwe kwenye faili.

(b) Anayebakiza titi asiingie chumba cha upasuaji kabla mpango wa mionzi haujakamilika.

(c) Maelezo yatolewe kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa inapobidi, kisha mgonjwa aombwe kueleza alivyoelewa.

(d) Wanawake waliopona, kwa hiari yao, wakutanishwe na wanaokabili uamuzi huu.

(e) Zahanati zetu zitoe rufaa mara tu kinundu kinapogundulika. Anayewahi ndiye mwenye njia zaidi ya moja ya kuchagua.