Jina lisifutwe juu ya maneno ya mtaa

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Goma)

Mlituita tuseme juu ya kazi, na wengine walifikiri tunaleta liste ya watakaoajiriwa. Hapana, liste hatuna. Tunakuja kusema juu ya wenye wanafutwa kwenye liste.

Wakati kambi za Bulengo na Lushagala zilikuwa zimejaa, ekipe yetu ilichukua watu wa siku kwa siku kusafisha vyoo na kugawa maji. Kati yao kulikuwa kijana mmoja, anafika mbele ya wote, klorini anaipima vizuri. Kisha maneno yakaanza: eti ule anapenda wanaume wenzake. Hakuna aliyeona kitu. Wenzake wakakataa kula naye, wakampa jina la matusi. Mwezi uliofuata shefu wa ekipe akafuta jina lake na kumwambia feza za mradi zimepunguka. Feza hazikupunguka. Siku ile ile tulichukua mtu mwingine pa nafasi yake.

Na sisi wa biro? Tulijua. Tulisema ni mambo yake, tukanyamaza. Baadaye tukamkuta anasukuma chukudu ya mtu mwingine.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, kipengele 62, inasema mwenye kontra isiyo na mwisho hafukuzwi bila sababu ya kweli inayohusu uwezo wake, mwenendo wake pa kazi, ao mahitaji ya kazi ya kampuni. Uvumi wa mtaa hauko sababu. Na nyinyi wa siku kwa siku, mushike hii vizuri: kipengele 40 kinasema ukimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na ukachukuliwa tena mbele ya hiyo miezi kwisha, unahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Muandike siku zenu kwenye kaye. Wengi wanapoteza haki yao juu hawakuhesabu.

Kati yenu kuko waliorudi kutoka Nakivale. Munajua sheria ya Uganda ya mwaka 2023: kifungo cha maisha, na hapo mwanzo hata kulazimisha watu kuwashitaki wenzao, mpaka korti ikaondoa hicho kipengele mwezi wa nne 2024. Pahali jirani anaambiwa akuchunguze, nani atafanya kazi na roho tulivu?

Sasa kwetu, liste ya watu wa siku haiguswi na mtu mmoja: kufuta jina kunaomba sababu iliyoandikwa na sahihi mbili. Kwenye fishi hatuulize tena kama umeoa ao umeolewa, isipokuwa pale malipo ya familia yanaomba. Malalamiko yanapokelewa na mtu asiye wa ekipe. Jina la matusi pa kazi ni kosa, sawa na kuiba mafuta ya gari.

Lakini hatumwombi mtu yeyote ajitangaze. Siku moja mgeni wa mradi alileta formasio, akataka kila mmoja asimame aseme maisha yake ya moyoni. Tuliisimamisha. Kwao bendera ya rangi nyingi kwenye mlango inaweza kusaidia. Hapa inaweza kuonyesha watu mlango wa kupiga mawe. Pa Goma, kumulinda mtu kunaanza na kutunza siri yake.

Mzee mmoja alituuliza: munataka tubariki hayo? Mzee wetu, kanisa na musikiti wako palepale, hatukuje kuvibomoa. Kwenye likelemba hamuulize mtu analala na nani. Munauliza kama mchango wake umefika. Kazi nayo ni vile.

Kijana wa chukudu tulimurudilia, tukaomba musamaha. Alikubali musamaha, kazi akaikataa. Alisema chukudu ni nzito lakini haina mdomo.

Liste ya kazi za kutengeneza barabara itatoka kwenye komite yenu, si kwetu. Kila jina litakalofutwa tutauliza sababu, na tutaomba iandikwe.