Mchimba Dhahabu wa Kwenye Wimbo

Msikilizaji wetu wa Kahama, Msalala, Nyarugusu na Geita mjini, leo tunajifunza Kiingereza cha kwenye spika, kile kinachoshindana na kelele za karasha.

Mwaka 2005 Kanye West na Jamie Foxx waliimba "Gold Digger". Ukitafsiri neno kwa neno unapata mchimba dhahabu, yaani wewe hapo uliyetoka duarani sasa hivi, matope hadi magotini, tochi bado iko kichwani. Kumbe anayeimbwa hajawahi kushika sururu! Ni mtu anayempendea mwenzake fedha. Sisi husema kuchuna buzi, na kwa utamu wa neno nadhani tumewazidi. Basi ukikutana na mgeni mnunuzi, usijitambulishe kuwa "gold digger" ukifikiri unataja kazi yako. Sema "miner", inatosha.

Na wewe wa kidato cha nne, "ain't" na "gonna" zinaimbika vizuri, ila kwenye insha ya mtihani zitakukosesha alama.

Mafunzo ya maisha hayahitaji hata Kiingereza. Wimbo wa Kiswahili "Starehe" wa Ferooz unamsimulia kijana aliyeponda raha mpaka Ukimwi ukamlaza kitandani. Usikilize siku ya mgawo, kabla hujaingia baa.

Jioni hii chagua wimbo mmoja wa Kiingereza, andika maneno matatu yasiyokuingia akilini, kesho mpelekee mwalimu au fungua kamusi.